Majani ya Shangazi Yamechanua Ulemo

Kijiji cha Ujamaa Ulemo,
S.L.P. Kiomboi,
Iramba, Singida.
18 Septemba, 1973

Mpendwa Shangazi Magdalena,

Shikamoo Shangazi. Hujambo wewe na wote wa hapo Korogwe? Kile kifua kilichokuwa kinakubana wakati wa baridi kimeachia? Sisi huku hatujambo. Mama, wifi yako, magoti yanamsumbua asubuhi, lakini yakishaota jua anatushinda wote kwa mwendo. Mtama tumevuna wa kutosha, baridi imepungua, na vumbi ndilo kitoweo chetu cha kila siku. Aliyepungua hapa nyumbani ni wewe tu.

Sasa Shangazi, kabla hujasoma mstari mwingine, tazama mlangoni. Huyo aliyekukabidhi barua hii ni Baba, kaka yako Kefa, yeye mwenyewe na koti lake la kanisani. Nakuomba kwa heshima zote usimfungie mlango. Mpe kigoda, mpe maji ya kunywa, umwache akae kimya nawe usome mpaka mwisho. Bahasha nimeibandika kwa uji mzito asije akachungulia njiani. Nataka uyajue yote kutoka kwangu kabla yeye hajafungua mdomo.

Shangazi, limechanua! Lile ua lako limechanua hapa hapa Ulemo, kwenye vumbi na upepo, ndani ya nyumba yetu ya udongo. Weupe wake, we acha tu. Naandika huku nacheka peke yangu, na Mama ananiambia nitachafua karatasi.

Siku ile ya matanga ya Bibi naikumbuka vizuri. Ulifika mama yenu ameshazikwa, maana basi lilikwama mtoni, nawe umekumbatia kikapu. Ndani ya kikapu kulikuwa na majani mazito matatu na mizizi iliyotokeza nje kama minyoo. Maua yenyewe, yale uliyomwahidi Bibi kwamba atayaona kwa macho yake, yalikuwa yamepukutika yote garini. Baba naye na uchungu wake akasema mbele ya waombolezaji, "Mama tumemfunika udongo, wewe unatuletea majani? Siku majani haya yakichanua hapa Ulemo, nitakuja kukufuata kwa miguu yangu, na kondoo nitachinja!" Wewe ukamjibu kwamba mpaka siku hiyo hutakanyaga uwanja wake. Kweli mmezaliwa tumbo moja, vichwa vyenu vyote mawe.

Tangu hapo kaburi la Bibi limebaki kifusi kitupu. Unajua desturi yetu, kaburi la mama halijengewi mpaka watoto wake wote wasimame pale, na watoto waliobaki ni ninyi wawili tu. Kila masika mvua inakula udongo, kila kiangazi mimi na Mama tunaurudishia kwa jembe. Baba akipita pale anageuza uso upande wa pili kama anatafuta ng'ombe. Watu walidhani nimerukwa na akili kwa ajili ya ua. Mimi nilikuwa nakutaka wewe urudi, basi.

Kila barua ulikuwa unaniuliza, nami nakujibu kwa kifupi tu kwamba lipo. Sikutaka kukupa matumaini halafu likanifia mkononi. Leo nakueleza yote.

Lilikuwa karibu life mwaka ule ule wa kwanza, na aliyetaka kuliua ni upendo. Nilikwenda Kiomboi kumwuguza dada yangu hospitali, nikamwachia Mama. Unamjua wifi yako. Mama ni mwanamke wa samadi, mtama wake unasifiwa mpaka Kinampanda, na kwake kitu kikinyong'onyea dawa ni moja. Akaliona ua limekaa kwenye makaa na vipande vya magome, mizizi inaning'inia hewani, akalionea huruma. "Maskini mtoto wa watu, halina hata udongo!" Akachimba shimo uani, akalishindilia samadi mbivu ya zizini mpaka shingoni, akalimwagia ndoo nzima ya maji ya kisimani.

Niliporudi nikakuta jani moja limekuwa njano na shina linanuka. Shangazi, nililia. Mama naye akalia, halafu akanikasirikia kwa kumliza. Nikalifukua, nikaosha mizizi, iliyooza yote nikaikata kwa wembe niliouchoma moto, palipokatwa nikapapaka unga wa mkaa. Mizizi mizima iliyobaki ilikuwa michache kuliko meno ya jirani yetu Mzee Laurian.

Hapo ndipo nikayashika maneno yako uliyoniachia kituo cha basi: huko kwao ua hili linajishikiza juu ya miti, halijui udongo. Nikakitafuta kile chungu cha Bibi kilichopasuka ubavuni, kile ambacho Baba alikataa kisitupwe. Ule ufa ukawa dawa, maji yakiingia huku yanatokea kule na hewa inapita. Nikapanga magome makavu na makaa, nikaliketisha juu yake, nikaliweka dirisha la mashariki jirani na mtungi wa maji ya kunywa. Mtungi unatoa jasho mchana kutwa, na ua linapata ubaridi wake bila kulowa. Hakuna aliyenifundisha hilo la mtungi, nalijivunia mwenyewe.

Maji ndiyo yaliyonitoa jasho mimi. Visima vyetu unavijua, chai yake haihitaji chumvi. Kila nilipolipa maji yale, ncha za mizizi zilikuwa zinaungua na kuwa nyeusi. Basi nikawa nakinga mvua chini ya bati la shule, natunza kwenye madebe, nafunika na kitambaa. Kiangazi kikikaza nalipimia kwa kikombe. Mizizi ikiwa myeupe najua lina kiu, ikigeuka kijani najua limeshiba. Majani nayafuta vumbi kwa kitambaa kibichi, na nikiona tone limetuama katikati ya majani nalikausha kwa ncha ya kanga, maana pale pakioza limekwisha. Wasichana wenzangu walikuwa wananiuliza mtoto wangu anaota meno lini.

Baba ndiyo usiseme. Kila akipita dirishani lazima atupe neno. "Hayo majani yenu hayajambo?" "Mboga hiyo italiwa lini?" Na mwaka juzi, tulipohamia hapa kijijini, alitaka dirisha la mashariki la nyumba mpya atundike redio yake. Nikamwambia Baba, mkono wako ukigusa chungu cha mama yako kwa ajili ya redio, mimi sipiki. Redio ikaenda chumbani.

Halafu akaja balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Paskali. Alisikia kuna ua la Wazungu, kwamba lilitoka kwa yule Mama wa Kigiriki wa mashamba ya mkonge uliyemfanyia kazi. Akakaa, akakohoa, akauliza kama vitu vya namna hiyo havileti ubwanyenye ndani ya kijiji cha ujamaa. Nikamwambia, "Mzee, ua hili halijawahi kula udongo wa mtu, halijawahi kuomba mbolea ya serikali, linaishi kwa hewa na mvua. Katika kijiji chetu chote, nani anajitegemea kulishinda?" Weee! Alicheka mpaka kofia ikamwanguka. Jumapili ile alilisimulia kila nyumba, na toka siku hiyo hakuna aliyeniuliza tena habari za ubwanyenye.

Miaka ikapita. Majani mapya yakatoka manene, mazuri, yanang'aa. Ua hakuna. Shangazi, nikuambie kweli, kuna siku niliona Baba ameshinda na wewe hutarudi kabisa, nikakaa jikoni nikamchukia kila mtu. Mama akaniletea kibuyu cha maziwa.

Mwaka huu baridi ya Juni ilikuwa kali, ule upepo wetu unaopasua midomo. Nikawa na hofu kwa ajili ya dirisha, nikataka kulihamishia karibu na jiko. Mama ndiye aliyenikataza, akasema kwenye samadi alikosea, lakini baridi anaijua, hata vitunguu vya Iramba vinataka baridi ndipo vikaze. Nikamsikiliza, nikaliacha pale pale. Kumbe ndicho kilichokuwa kinangojewa! Mwezi wa saba nikaona kitu kimechomoza chini ya jani, kijani, ncha yake bapa kama mdomo wa kifaranga cha bata. Baba akatazama akasema, "Mzizi mwingine huo." Lakini mizizi inainama, na hiki kilikuwa kinapanda juu kinafuata mwanga. Nikakiegemeza kwenye kijiti cha mtama, nikakifunga kwa uzi laini, nikaendelea na kazi zangu kama sina habari. Usiku silali vizuri.

Jumamosi iliyopita asubuhi nilikuwa napepeta mtama uani nikasikia Mama anapiga vigelegele ndani ya nyumba. Vile vigelegele vya harusi, Shangazi! Nikatupa ungo. Maua mawili yalikuwa yamefunguka yote kabisa na mengine yanafuatia, yamejipanga kwenye tawi moja, meupe, mapana, yana kidoti cha manjano kooni. Yanafanana na wale nondo weupe wanaokuja kwenye koroboi mvua zikianza, ila haya hayakimbii. Nilipiga magoti. Majirani wakaja, na Mzee Paskali akaja mbio na jembe lake begani, akaanza kuwapanga watu foleni kama ya kupiga kura.

Baba alikuwa zizini. Akaja taratibu, watu wakampisha. Akatazama, akatazama tena. Unajua alisema nini? "Theresia, umeyanunua Singida. Ni maua ya karatasi haya, umeyafunga na uzi." Na kabla sijamshika mkono, akalivuta moja.

Likatoka. Pale lilipong'olewa pakatoa maji.

Mimi nilitaka kupiga kelele lakini nilipomwona uso nikashindwa. Baba alikuwa ameliweka lile ua kiganjani, analitazama hivi kama mtu anayemtazama kichanga. Halafu akasema polepole, "Na Mama hakuliona." Akakaa chini, pale pale chini ya chungu cha Bibi, mzee mzima, akalia mbele ya watu. Hata kwenye matanga hakulia vile, wewe ni shahidi. Alipomaliza akajifuta kwa mkono wa shati, akamwambia Mama, "Nitafutie koti langu."

Asiyekubali kushindwa si mshindani, na Baba amekubali. Lakini kwa kuwa aliapa kwa miguu yake, Mzee Paskali na wazee wenzake walikaa wakaamua hivi: atembee kwa miguu kutoka Ulemo mpaka Kiomboi, kutoka hapo apande basi mpaka Manyoni na treni mpaka kwako, na njia iliyobaki Mungu amsamehe. Anaondoka kesho alfajiri. Vijana wamejitolea kumsindikiza kwa ngoma mpaka njia panda. Amekasirika lakini hakukataa.

Kondoo tumeshamchagua, yule dume mweusi mwenye mkia mnene. Amefungwa nyuma ya nyumba, anakula kuliko sisi. Hachinjwi mpaka wewe uingie uwanjani. Mawe ya kaburi la Bibi vijana wa shamba la pamoja wameshayakusanya, yamerundikwa pale, yanakungoja wewe na kaka yako muweke la kwanza kwa mikono yenu miwili. Na ua lenyewe usiwe na wasiwasi, wewe ndiye uliyenifundisha kwamba likishachanua hukaa mwezi mmoja, miwili, pengine hata mitatu. Lakini usiniambie utakuja Krismasi. Njoo naye treni ya kurudi.

Nisalimie sana mwanao Gabrieli na mkewe, na yule jirani yako Mama Kuluthumu anayekusomea barua macho yakichoka. Kama ndiye anayesoma sasa, shikamoo Mama, nawe umkazie kaka mtu macho asitoroke. Huku wanakusalimu Mama, dada yangu na watoto wake, Mzee Laurian na meno yake yaliyobaki, na Mzee Paskali anasema ubwanyenye wako umekubaliwa na nyumba zote kumi.

Mungu aliyelilinda ua hili kwenye samadi na kwenye chumvi akulinde nawe njiani, akufikishe kwetu ukiwa unacheka.

Ni mimi mtoto wa kaka yako, nikupendaye na niliyemshinda baba yangu,

Theresia

Nyongeza: Mfuko wa ndani wa koti lake kuna kopo la chai, ndani yake pamba mbichi, na ndani ya pamba lile ua alilolivuta. Alikataa mimi nilibebe, alikataa Mama alifunge, amelifunga mwenyewe. Huenda limesinyaa, usijali. Na kama mpaka sasa bado hajalisema lile neno lililomleta, mpe uji wa moto kwanza. Limemkaa kooni tangu matanga ya mama yenu.