Nje ya Ua wa Mzee Sule

Alhamisi, 16 Januari 2025

Nimechoka, na safari bado haijaanza.

Kikundi chetu cha kutembea kilikutana leo kanisani Ediofe baada ya misa. Ezati, kiongozi wetu, ni askari mstaafu. Hata kukusalimia anakusalimia kama yuko paredi. Ametangaza safari ya wikendi: kesho tunalala Adumi, Jumamosi Abuku, Jumapili tunaingia Koboko mjini. Vizuri. Halafu akataja tutakapolala Abuku. Kwa Mzee Sule!

Wote wakapiga makofi. Mimi nikainama kufunga kamba za raba zangu, ambazo zilikuwa zimefungwa tayari.

Mzee Sule ni baba yake Faruk. Na Faruk ndiye aliyemchukua Patience wangu mwaka juzi. Bila posa, bila ng'ombe, bila hata kuja kutusalimia. Kwetu mama wa msichana hali chakula cha nyumba hiyo mpaka mahari itolewe. Haingii hata uani. Nikila, nimemtoa mwanangu bure, na ukoo wa marehemu baba yake hautakuwa na neno tena.

Ningeweza kusema naumwa. Sukari yangu ingenitetea. Lakini kule kuna mjukuu ambaye sijawahi kumwona hata kwa picha. Naenda! Kulala, nitalala popote.

Ijumaa, 17 Januari — Adumi

Miguu yangu! Jua la Januari halina adabu, na vumbi limeingia mpaka kwenye meno. Ezati alituimbisha nyimbo za jeshi njia nzima, mpaka Helen akamwambia achague: anyamaze au ambebe. Helen ni katibu wetu na rafiki yangu. Ana moyo mzuri ila hana siri. Nikamweleza habari za Patience hata hivyo. Uchovu unafungua mdomo.

Tunalala darasani; mimi mwalimu, sijawahi kulala darasani. Jioni amekuja shemeji Celestino, ndugu wa marehemu mume wangu, amebeba kiti chake mwenyewe kana kwamba shule haina viti. Nikamwambia tunakokwenda. Akasogeza kiti chake karibu.

"Mama Patience, wewe tembea tu. Lakini kule usikule. Hata maji. Wewe nakula, sisi nasema nini tena?"

Ana haki. Na mimi nakubaliana naye, hilo ndilo linalonichosha.

Tumekula maharage pamoja, kama kawaida. Kwenye kikundi hakuna anayegusa chakula mpaka wote wameketi. Ezati aliweka sheria hiyo tangu siku mwenzetu mmoja alipoanguka njiani kwa njaa, na hakuna aliyekuwa ameona kwamba hajala.

Jumamosi, 18 Januari — mchana

Kipande cha njia cha Maracha tumepanda lori la mihogo. Ezati anasema si kutembea, lakini si dhambi.

Kisigino kimetoa malengelenge. Helen yuko mbele, anaongea na simu, anacheka, anageuka kuniangalia. Sipendi.

Jumamosi jioni — Abuku

Niko nje ya ua, juu ya jiwe. Naandika kwa sababu sijui nifanye nini kingine.

Helen alimpigia Mzee Sule! Alimwambia mkwe wake yumo kwenye kikundi. Alitaka wajue tu, anasema. Basi mzee amechinja mbuzi. Si wa kikundi — wangu mimi! Ametoka mwenyewe mpaka hapa, kanzu safi, fimbo mkononi.

"Mukwe, karibu. Mimi najua, hatujafanya mambo. Ng'ombe itakuja. Leo kula kwanza."

Angekuwa mkali ingekuwa rahisi. Nikamjibu kwamba nashukuru, nitakula siku ng'ombe watakapokuja. Akatikisa kichwa, hakukasirika, akarudi ndani pole pole. Faruk kajificha nyuma ya jiko. Kujificha anajua, huyo!

Kikundi chote kiko mkekani, ndani ya ua. Nyama inatoa moshi, na hakuna anayegusa. Nimewaambia waanze. Ezati amepiga kelele kutoka huko ndani:

"Mwalimu! Sheria iko sheria! Watu iko na njaa!"

Mjinga yule. Nampenda, lakini mjinga. Helen analia kwenye kona ya mkeka.

Halafu Patience akatoka. Amekonda, jamani. Sikumtambua mara moja, Mungu anisamehe. Nilidhani atapiga magoti anibembeleze, na nilikuwa na jibu tayari. Hakubembeleza. Alikaa chini kwenye vumbi, akamfungua mtoto mgongoni, akampa ziwa. Msichana. Paji la uso ni la marehemu, limekunjana vile vile. Nikalia mbele yao wote.

Akauliza nimekula nini leo. Mihogo, asubuhi. Akasema yeye hajala kitu tangu alfajiri. Alisema atakula na mimi.

"Nenda ukale. Unanyonyesha."

"Wewe nakula, mama, mimi nakula."

Mtoto anavuta, anaacha, analia. Anavuta tena, analia. Maziwa ni machache. Celestino hayuko hapa kusikia sauti hii. Hasira yangu ilikuwa ya haki, na bado ni ya haki, lakini mtoto analia.

Sasa Patience ameniwekea mtoto mapajani, kaingia ndani. Mzito kuliko nilivyofikiri. Ananukia moshi na maziwa. Namshika kwa mkono mmoja, naandika kwa mwingine.

Anarudi. Ana sinia la nyama na ugali wa muhogo, na birika la maji ya kunawa. Sinia ameliweka chini kati yetu, nje ya ua, hapa nilipo mimi. Ndani wote wamegeuka kututazama, hata Ezati.

Ameinua birika.

"Mama, leta mikono."

Naweka kalamu chini.