Niliomba Baraka ya Chakula Kaburini

Ndugu mshauri, nisaidie kabla sijamwaibisha Mungu mara ya pili. Mimi ni kiongozi wa akina mama kanisani hapa Wusi, mume wangu Danson yuko kazini relwe, kule Voi, na huja mwisho wa mwezi tu, na tangu alfajiri mlango wangu haufungwi, huyu amepigwa na mumewe, yule mkwewe hasemi naye, mwingine mtoto ana degedege, na wote nawapikia chai na kulia nao na kuwaombea, huku shamba linaningoja, na sasa nikisikia "hodi" nasaga meno, halafu nacheka na kusema "karibu dada". Juzi tukimzika jirani yetu mzee Mwandawiro, mchungaji akaniita niombe, nikafumba macho mbele ya jeneza nikasema, "Bwana, bariki chakula hiki na mikono iliyokiandaa," na watu wakaitika amina kabla hawajafahamu! Mchungaji ameniamuru nifunge siku tatu. Mama mkwe asema nina hasira moyoni, nifanye kutasa kama wazee, nichukue funda la maji, niitaje hasira yangu kwa sauti, niiteme nje, lakini kanisani huo ni upagani na nitatengwa. Tangu siku ile nikifungua kinywa kuomba hakitoki kitu, hata nikiwa peke yangu. Je, Mungu ameniacha?

Peris, Wusi

Peris, Mungu hajakuacha. Umechoka! Ng'ombe akikamuliwa asubuhi na jioni bila majani hukauka, na ninyi dawa yenu ni kumnyima majani siku tatu zaidi. Mwambie mchungaji, kwa heshima, kwamba wewe umeshafunga mwaka mzima.

Lakini nawe una makosa. Nani alikutuma umchekee mtu uliyemkasirikia? Huo si upole, mama, ni uongo, nao umekumaliza kuliko jembe. Maji sikulazimishi kuyatema, sitaki ugomvi na kanisa lako. Ila hasira itajwe! Ingia chumbani umwambie Mungu, "Nimewachoka watu wako," uwataje kwa majina. Amezoea malalamiko tangu zamani. Hiyo ni sala, na kwa sasa yatosha.

Mjane wa mzee nenda ukamwombe radhi, useme ulichoka, basi. Wenye shida waje Jumanne na Ijumaa baada ya saa nane. Atakayebisha siku nyingine mpe jembe, mzungumze mkilima, na utashangaa wangapi watapona kabla ya mstari wa pili. Danson akija, yeye akae na watoto, wewe ulale.

Jambo moja limeniudhi kuliko yote. Barua nzima umetaja wanaolia kwako, hukutaja hata mmoja unayelia kwake. Mtu mmoja tu aliuona moyo wako, nawe ukamkimbia kwa kuogopa kutengwa. Kesho mpikie chai mama mkwe wako, mweleze yote, kisha unyamaze, yeye ndiye akuombee.