Saa ya Baba na Kufuli la Mlango

Picha ya Ndege, Kibaha
14 Juni 2025

Kwa Dada yangu mpenzi Mwamvita,

Shikamoo Dada. Natumai umeamka salama hapo Maneromango, goti limepunguza makelele yake, na mwanao Anifa na mimba yake hawajambo. Ukituuliza sisi, mimi na Baba tu wazima, tunakula, tunalala, tunamshukuru Mungu.

Kabla ya yote, ujue barua hii imeandikwa na mwanaume mwenye bahati kuliko wote wa Kibaha. Ghalani wamenipandisha. Sibebi tena saruji, mimi ndiye msimamizi, nakaa kwenye kiti kinachozunguka, feni inanipepea, wanaume wazima wananiita bosi. Baba namwangalia kwenye simu huku nakunywa chai. Mdogo wako nimetembea, Dada. Nimekuwa utingo wa malori mpaka Lubumbashi, nimetukanwa kwa Kifaransa na nikacheka panapostahili. Darasa la saba langu hili hili limenifikisha.

Utajiuliza kwa nini sikupiga simu. Baba amekaa hatua mbili kutoka nilipo, na akili ikimpotea, masikio hayampotei.

Unakumbuka siku ya arobaini ya Mama. Ulisema Baba abaki kwako, kwa sababu mtu anayepotea njia anataka mtu wa kushinda naye. Mimi nikasimama mbele ya baba wadogo na mashangazi, nikasema mtoto wa kiume yupo, na mjini kuna mashine. Nilipofika naye tu nikaenda Kariakoo nikamnunulia saa. Siyo ya kuangalia muda. Ina laini ya simu ndani yake, na kila anapokwenda, kidoti cha buluu kinatembea kwenye simu yangu.

Miezi miwili mambo yalikuwa safi. Baba akitoka, kidoti kinatoka. Akikaribia barabara ya Morogoro simu inalia, nami nampigia jirani yangu Stellamaris, muuza vitumbua, anamfuata na kumwambia mzee chai imeiva. Anarudi bila ugomvi. Stellamaris anasema Baba ameshamchumbia mara tatu njiani, na kila mara anaapa hajawahi kuoa.

Kilichotuponza ni udhu. Baba anasahau jina langu, lakini udhu hasahau. Akifika bombani anavua saa ili maji yafike kwenye ngozi. Alhamisi moja ya mwezi wa tatu aliivua adhuhuri, akaiweka ukutani, akaswali, akaondoka mkono mtupu. Muadhini, Mzee Faraji, mtu mwaminifu kabisa, aliiona akaifungia kabatini pamoja na misahafu isije ikaibiwa. Dada, laiti angekuwa mwizi! Mwizi angetembea nayo, ningeshtuka. Mimi huku naangalia simu: saa nane, msikitini. Saa tisa, msikitini. Saa kumi, msikitini. Nikawaonyesha wenzangu, nikawaambia tazameni mzee wangu anavyomcha Mungu, wa kwenu wako kwenye bao.

Saa kumi na moja akanipigia kijana wa bodaboda wa Mlandizi. Namba yangu kaiona kwenye ukosi wa kanzu, ile uliyoishona wewe kwa uzi mwekundu nikakucheka nikasema Baba si begi la mtoto wa chekechea. Sijui alitembea wapi, alipakiwa na nani. Walimkuta katikati ya lami, kiatu kimoja, anasimamisha malori kuuliza njia ya Maneromango. Lori moja lilimkwepa likaingia mtaroni. Dereva alishuka kumtukana, akaishia kumpa maji. Baba alimwambia ana haraka, mkewe hali chakula mpaka yeye afike.

Kuanzia hapo saa sikuiamini tena. Nikanunua kufuli. Asubuhi namwachia uji na maji na ndoo ya haja, nafunga kwa nje, naenda kazini. Majirani niliwaambia wezi wamezidi.

Wiki ya tatu nilirudi mchana bila kutarajiwa. Niliposhika kufuli, likagonga bati, nikamsikia ndani anaongea. Hakupiga kelele, Dada. Aliongea kwa adabu, kama mtu aliyesimama mbele ya hakimu. Alimwomba bwana askari amwambie kosa lake, maana siku zimekuwa nyingi na hajaambiwa. Akasema ana mtoto wa kiume mjini, anaitwa Mudathir, mtu mkubwa, anajulikana, aitwe aje amdhamini.

Askari mwenyewe ndiye mimi. Nilikaa pale kizingitini mpaka ndoo ya vitumbua ya Stellamaris ikapita mbele yangu, akanikuta nalia kama nimefiwa upya.

Sijamfungia peke yake tena. Sasa kufuli nalifunga kwa ndani, ufunguo kiunoni, tunashinda wawili. Anazunguka chumba, anajaribu mlango, anarudi kuniuliza mimi nimekamatwa kwa kosa gani. Siku nyingine namwambia nilimtukana diwani, anacheka mpaka anakohoa. Tukitoka ni mkono kwa mkono mpaka msikitini, watoto wanatuita maharusi.

Mimi nimeshindwa, Dada. Yeye anaitafuta Maneromango, na huko hata akipotea, kila nyumba atakayoingia inamjua. Njoo utuchukue. Nasema utuchukue, siyo umchukue tu. Nitalala bandani, nitachota maji, nitamfuata nyuma popote atakapokwenda. Na baba wadogo wakinicheka, waache wacheke, nimezoea, nimechekwa mpaka na maofisa wa forodha mipakani.

Msalimie Anifa, mwambie mjomba wake anamwombea ajifungue salama. Wasalimie mashangazi wote, hata yule asiyenipenda. Stellamaris, ninayempa barua hii dirishani aipeleke stendi, naye anakusalimu.

Halafu usije ukamtangazia mtu hiyo habari ya usimamizi. Sikupandishwa. Hata kazi ya kubeba saruji sina tangu mwezi wa nne. Nilikudanganya.

Mdogo wako,
Mudathir