Mkono wa Mzee Angwenyi

Jumatatu, 10 Januari 1972

Shule imefunguliwa. Asubuhi Kiingereza, mchana Kiswahili. Watoto wa madaktari Wazungu, watoto wa Wahindi wenye maduka pale mjini, na wetu wachache ambao baba zao wako ofisini. Kiswahili ni mimi! Mokeira wa Kebirigo, niliyeipata lugha hii kwa viboko. Leo mtoto wa Daktari kaniambia "hatujambo, mwalimu" bila kukosea, nikajivuna kama kuku aliyetaga.

Madam Holm, mkuu wetu, katoa sheria mpya. Ijumaa wazazi wanaoomba nafasi watapokewa mlangoni, na zamu ni yangu. Kila mmoja nimpe mkono, nimtazame machoni. Mzazi asiyetaka kutoa mkono, anasema, hatapatana na shule ya kimataifa. Nikaitikia kwa kichwa. Hata nikaiandika ubaoni.

Jumatano, 12 Januari

Balaa. Mzee Angwenyi anamleta Kemuma hiyo Ijumaa! Mzee ni baba mkwe wangu, na Kemuma ni mjukuu wake, yatima wa marehemu shemeji yangu, kaka wa mume wangu Alfayo. Nafasi ya mtoto wa hapa imebaki moja tu.

Na sisi tuna chinsoni, miiko ya heshima kati ya wakwe. Mke wa mtu hampi baba mkwe mkono. Hamkaribii, hamtazami usoni. Miaka sita nimeolewa Nyakoe, tunasalimiana yeye akiwa uani, mimi mlangoni pa jiko, macho chini – na tumependana hivyo hivyo. Mwaka ule nilipougua, ni yeye aliyeleta maziwa kila asubuhi, akayaacha kwenye nyasi, akakohoa, akaenda zake.

Rekha aliniona nimekunja uso. Ni binti wa Chandulal mwenye duka la vitambaa, anafundisha hesabu. Nikamweleza. Hakucheka. Akasema kwao pia mke hujifunika kichwa mbele ya baba mkwe. "Mimi nasimama mlango, Mokeira. Wewe kaa na watoto. Madam hapana jua."

Nikakataa. Nikamwambia hayo ni mambo ya kizamani, tumeyaacha. Sijui kwa nini nilisema vile. La, ninajua. Niliogopa Madam ataniona mshamba.

Ijumaa, 14 Januari

Nimefanya.

Alikuja na koti lake la kanisani, kofia kaishika kifuani. Aliponiona mlangoni akasimama mbali, akatazama chini, akangoja nimpishe kama nyumbani. Madam yuko nyuma yangu. Akanong'ona: mzee huyu anangoja nini? Mke wa Daktari anatazama. Wahindi wanatazama. Nami nikanyoosha mkono. "Karibu, mzee." Mzee! Kama muuza kuni.

Akautazama ule mkono. Akamtazama Kemuma. Kisha akanipa wake.

Kemuma akapaza sauti kwa Ekegusii, umati mzima ukasikia: babu, mbona umemshika? Madam akauliza mtoto anasema nini. Kazi yangu si ni lugha? Nikajibu kwa Kiingereza, anasema shule inapendeza.

Mzee alifanya kazi kwa Wazungu wa chai kule Kericho. Kiingereza anakisikia.

Siwezi kula. Aibu tupu!

Jumamosi, 15 Januari

Sabato. Nimekwenda kanisani Nyakoe. Mzee hakuja, na yeye hakosi. Mama mkwe, Nyamoita, akanivuta nyuma ya kanisa. Nilitaka anigombeze, nilikuwa tayari kabisa. Akaniambia tu kwamba tangu jana mzee anakula ugali wa wimbi kwa kijiko. Yeye! Aliyekuwa akitucheka, eti kijiko ni cha mgonjwa. Sasa mkono ule hataki uguse chakula.

Nikauliza, niombe radhi mbele ya wazee? Nilete mbuzi? Mama akatikisa kichwa. Mzee hataki mbuzi. Hanilaumu mimi. Anasema aliyetoa mkono ni yeye, na hakuna aliyemshikia fimbo.

Angenikasirikia, ningejua pa kupiga magoti.

Jumatatu, 17 Januari

Kemuma amepata nafasi. Madam kafurahi mno, eti babu wa kisasa! Kipindi cha maamkizi nikapita darasani nikipeana mikono na watoto, ndivyo Madam anavyotaka. Arvind, vizuri. Mtoto wa Daktari, vizuri. Kemuma akaficha mikono yote miwili mgongoni, akanikazia macho. Nikapita. Kule nyumbani huniita mama. Hapa nimemwambia aniite mwalimu, kama wenzake.

Alhamisi, 20 Januari

Mzee humleta Kemuma asubuhi, akaishia kwenye ua wa michongoma. Mkono wa kulia mfukoni. Mimi naingilia mlango wa nyuma kama mwizi.

Ijumaa, 21 Januari

Sherehe ya wazazi. Keki, soda, mpiga picha kutoka mjini. Madam anataka picha moja kubwa ya kutundika ukumbini: mimi na Mzee Angwenyi, mlangoni, tukipeana mikono tena. Hiyo ndiyo shule yetu, anasema. Ameshamwita mwenyewe pale michongomani.

Safari hii nikasema. Nikasema Madam, huyo ni baba mkwe wangu, na kwetu – Akanikatiza. Lakini mlikwisha kupeana, Mokeira, nimeona kwa macho yangu! Kweli, ameona. Rekha akanitazama, kisha akatazama dirishani. Nikaja kujificha hapa darasani.

Kemuma ameingia sasa hivi. Ametumwa kutoka nje. "Mwalimu, babu anasema, 'Mwalimu akisema niingie kupigwa picha, naingia.'"

Miaka sita mzee huniita mokamwana, mke wa mwanangu. Hata akiwa na hasira, mokamwana. Leo mwalimu.

Kengele inalia. Madam anaita jina langu huko nje, mpiga picha analalamika jua linaondoka. Kemuma amesimama karibu na meza, mikono mgongoni, anangoja nimalize. Anadhani ninaandika jibu.