Blanketi Jekundu Mlingotini

Mdogo wangu Kijiko,

Kwanza goti lako linasemaje? Lile la kukanyagia cherehani. Ulipokuwa unarudi botini Jumamosi niliona linavyokukatalia, na hukunipa hata nafasi ya kuliulizia. Shemeji naye, kikohozi kimemwachia, au bado anakohoa kila akitaka chai aletewe kitini? Nisalimie wote nyumbani, na yule mjukuu wako mtukutu mwambie bibi yake wa kisiwani bado ana meno ya kumng'ata. Mimi ni mzima. Narudia, ni mzima kabisa, maana najua hilo ndilo lililokutibua roho.

Simu zangu hupokei. Nikaazima ya nahodha wa boti, ukasikia sauti yangu ukakata. Haya, nimekaa kuandika, na nahodha atakuletea mkononi. Mwandiko vumilia. Darasa mimi sikuliona hata mlango wake. Herufi nilifundishwa na marehemu shemeji yako hapa hapa jikoni, akinichorea kwa kidole kwenye unga wa mkate, na nikikosea tunakanda.

Sasa nikueleze hii kero inayoitwa Jumamosi za Mnara, ili ujue dada yako anaishi na nini msimu huu wa joto. Kamati ya kuhifadhi mnara wetu wa taa ilikuja na maneno matamu. Walisema watu wa ng'ambo wanataka kupanda juu waione taa ya zamani, watoto warushe tiara, wazee waimbe kwaya, na fedha ya tiketi iende kwenye rangi na paa. Nikasema vizuri, mnara umechubuka kweli. Hakuna aliyeniambia kwamba na mimi nimo kwenye tiketi.

Mwenyekiti wao ni yule mpima ardhi mstaafu, mwenye kofia pana. Neno lake ni urithi. Ngazi ni urithi, kutu ni urithi, kuku wangu akipita mbele yake anamtazama kama urithi. Siku moja akaja na kamba nene, akaifunga toka mlango wa jiko hadi kabatini, akabandika kibao: Maisha ya Mke wa Mtunza Taa. Nikamuuliza kamba ya nini. Akasema ni ya kunilinda nisisumbuliwe. Akanipa na aproni yenye malinda, eti ndizo walizovaa wake za watunza taa. Mimi nimekuwa mke wa mtunza taa tangu nikiwa na kiuno, na humu jikoni nilivaa mashati yake yaliyochakaa. Lakini niliivaa, Kijiko. Alikuwa ameishika kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba kitoto, nikashindwa.

Basi kila Jumamosi wanapanga foleni kunitazama nikimenya viazi. Wanafunua sufuria zangu, kamba imewazuia miguu tu, mikono haikuwazuia. Mmoja alipiga picha nguo zangu za ndani kwenye waya. Kuna mtoto alimvuta mama yake akamuuliza kama huyu bibi ni wa kweli au amejazwa pamba. Nikamwambia asogee anishike pua. Akanishika, akacheka, na kusema kweli huyo ndiye mgeni pekee niliyempenda msimu mzima.

Na yule kijana wa kuongoza wageni! Anasimama chini ya dirisha langu na spika, anawaambia marehemu alikufa katika dhoruba, ameikumbatia taa ili meli zisipotee. Wanawake wanafuta machozi. Wewe ulikuja ukamkuta. Alikufa mchana, ameshiba, kwenye kiti kile cha kamba, mguu mmoja una soksi na mwingine hauna. Nilimwita kijana nikamweleza. Akasema wageni wanaipenda zaidi ile ya dhoruba. Nikamwambia na mimi ningeipenda zaidi, lakini ya soksi ndiyo yangu.

Sasa tuje Jumamosi yenyewe.

Shuka letu jeupe unalijua, na unajua sijawahi kukosa kulipandisha. Tangu nilipoletwa hapa ni bibi arusi, hakuna simu, hakuna chochote, tulikubaliana: nikiwa mzima natundika jeupe kwenye mlingoti wa uani, nikikuhitaji natundika blanketi jekundu. Nawe utatazama kila asubuhi kwa dirisha lako la cherehani. Blanketi limepanda mara mbili tu. Mara ya kwanza mwanangu wa kwanza alipokataa kutoka tumboni, ukaja na wimbi lote lile. Mara ya pili siku ya kile kiti. Mara zote mbili ulifika kabla sijamaliza kulia.

Jumamosi ukaliona linapepea. Nilikuwa nyuma ya kamba, na aproni yangu ya malinda, namimina chai kwa ajili ya watu wasionijua. Watu walijaa mpaka kisimani. Nikakuona unapenya kati yao, kandambili moja yako na nyingine ya shemeji, futi ya kupimia bado inaning'inia shingoni, mkoba wa dawa kwapani. Ukasimama pale kwenye kamba, unahema, ukaniuliza:

"Birika, nani amekufa?"

Na wale watu wakapiga makofi.

Walidhani ni sehemu ya maonyesho. Mwanamke mmoja aliomba urudie kwa sababu simu yake haikurekodi. Niliuona uso wako, mdogo wangu, na hadi leo nikifumba macho ndio ninaouona. Nami badala ya kuivuka ile kamba nikushike, nilichekacheka kama mpumbavu, nikakuambia hakuna kitu, ni mapambo tu ya kamati, watoto wa siku hizi wanatundika chochote wanachookota.

Ukamgeukia binti wa kamati anayeshughulika na mapambo. Maskini alikuwa juu ya kiti, mdomo umejaa pini, anafunga vibendera. Ulimwambia mambo ambayo hata mimi Birika sijawahi kumchemkia mtu hivyo. Ulimwuliza kama kwao vifo ni mapambo. Akaangusha pini zote, akaanza kulia. Kisha ukanigeukia ukasema kuanzia leo unashona pazia, la kitambaa kizito cha makochi, unalifunga dirisha lile, na nikifa niwapigie wenyewe wa kamati. Ukarudi na boti ile ile. Hata maji hukunywa.

Ningeweza kuishia hapa, kalamu imechoka na mimi pia. Kamati ina makosa ya kutosha, moja zaidi lisingewalemea. Lakini ungetulia kidogo tu ungejiuliza: blanketi lile linakaa kwenye sanduku chini ya kitanda changu, na ufunguo uko shingoni mwangu. Binti wa mapambo angelipatia wapi?

Ni mimi, Kijiko. Nililitundika mimi mwenyewe, alfajiri, kwa mikono yangu hii, kabla boti ya kwanza haijaleta watu.

Usikunje karatasi kwanza. Soma.

Ijumaa jioni mwenyekiti alikuja, kofia mkononi, kwa adabu zote. Alisema msimu umefana, na mwakani nyumba yote ya mtunza taa itakuwa ya maonyesho, chumba kwa chumba. Akasema sifukuzwi, nisielewe vibaya. Naweza kubaki, mradi nikubali kamba iwepo kila siku, sio Jumamosi peke yake, na kitanda changu kihamishwe, maana cha sasa ni cha chuma na wao wanataka cha mbao. Nikamjazia kikombe chai. Akadhani nimefurahi.

Usiku ule nililala nikikipapasa kitanda changu pembeni, kama nakiaga. Nikajiona nimeketi humu, mwaka hadi mwaka, nikimenya viazi visivyoliwa na mtu, mpaka siku nitakapokufa kweli na watu wapige makofi. Na wa kumwambia sina. Uani kwangu Jumamosi kunajaa watu, lakini hakuna hata mmoja anayejua kwamba naitwa Birika, wala kwa nini. Nikafungua sanduku.

Nilitaka uje nikuulize nifanye nini. Ulipokuja, mbele ya macho yale yote, nikakupa ule uongo wa mapambo. Miaka yote hii umeniomba nihamie kwako, na mimi nakujibu kwa kiburi kwamba siwezi kulala mahali pasiposikika mawimbi, na kwamba nyumba yako inanuka mafuta ya mashine. Ningesemaje sasa, na aproni ile kiunoni, kwamba nimeshindwa? Nikaona heri wewe ukasirike kuliko mimi niombe. Na nikamtwika binti wa watu.

Yeye nimeshamwomba radhi. Nilimwita jikoni, nikaikata kamba kwa kisu cha mkate aingie, nikamweleza lile blanketi ni la nini. Alilia upya, sasa kwa sababu nyingine, kisha akala mkate nusu. Hana kinyongo na wewe. Anasema angekuwa na dada wa kumjia na kandambili za kuokoteza angeshukuru.

Mwenyekiti nimemjibu. Nimemwambia nyumba achukue, na kuku wa urithi achukue, ila kiti cha kamba nakwenda nacho, na yule kijana wa spika aanze kusema ukweli kuhusu soksi. Kaandika yote, kasoro soksi.

Kwa hiyo nakuomba, na neno hili sijazoea kuliandika, limenitoka limepinda: nataka kuja kukaa kwako. Kile chumba cha nyuma chenye marobota ya vitambaa kinanitosha. Usiyatoe yote, nitalala nayo. Mafuta ya mashine nitayazoea. Kama pazia umeshalishona, lifumue, au lisogeze kidole kimoja tu. Jumapili asubuhi nitapandisha shuka jeupe, kisha nitakaa chini ya mlingoti na darubini ya marehemu. Ukikubali, toa chochote cheupe dirishani, hata kipande cha bitana. Usipotoa nitajua, na sitakuchemkia, utakuwa na haki yako.

Lakini ukitoa, fahamu kwamba nitalishusha shuka na sitalipandisha tena. Tutakuwa upande mmoja wa maji, hakuna wa kumtundikia mwenzake. Ukitaka kujua kama nimeamka mzima utagonga ukuta.

Nimbusie watoto wote vichwani. Shemeji mwambie kandambili yake nimeiona ilivyokatika, nitamletea mpya. Na goti hilo ulikande kwa maji ya moto, usijifanye shujaa, ngazi za boti nataka unipokee umesimama.

Ni mimi dada yako, mkaidi na mwenye haya,

Birika