Kompyuta Inasema Waje Kwangu

Mshauri mpendwa Bi Swabaha, naomba msaada wako, lakini kabla ya yote natangaza rasmi, mbele ya wasomaji wote wa gazeti hili kuanzia Sokon I mpaka Terrat, kwamba fulana niliyopewa na mradi wa kompyuta imefuliwa mara moja tu na sasa inamtosha mjukuu wangu wa miaka sita. Tangazo limekwisha, sasa shida.

Mimi ni Evaresta, jina langu usilifiche maana kompyuta imeshalitangaza, mzaliwa wa Kibosho niliyeolewa hapa Maji ya Chai, na kwa miaka ishirini na mbili nilikuwa bibi shamba wa serikali, nikipanda na kushuka mlima huu kuwaonyesha watu namna ya kutunza kahawa, mpaka mwaka tisini na sita tulipopunguzwa kazi, tukaambiwa soko huria limekuja na ushauri mkulima ataupata dukani. Basi mwaka jana akaja kijana wa kwetu Uchagani, anaitwa Ludovick, anasoma shahada ya juu huko nje, akaniamkia vizuri kabisa, akasema anafanya utafiti wa akili bandia, yaani kompyuta inayofundishwa ujuzi wa mtu mpaka inajibu kama yeye, kwamba huko nje zipo zinazopima wagonjwa na zinazotafuta madini, naye anataka ya magonjwa ya kahawa, na ujuzi anaoutaka ni wangu. Bi Swabaha, serikali iliniaga kwa barua ya mistari minne, huyu anataka kichwa changu chote, ningekataaje?

Tukakaa barazani siku kumi na saba.

"Mama, jani la mbuni likiwa manjano, tatizo ni nini?"

"Inategemea."

"Inategemea nini?"

"Inategemea nikifika nitaona nini."

Kila nikisema inategemea, uso wake unakuwa kama wa mtu aliyeletewa chai bila sukari, na kalamu haiandiki. Nami nimelelewa kwamba mgeni hatoki kwako mikono mitupu. Akauliza baada ya mvua kubwa mtu asubiri siku ngapi ndipo apulize mrututu, dawa ya kuzuia magonjwa ya kahawa, nikasema nne. Kesho yake akauliza swali lilelile, nikajua nne haikumpendeza, nikasema saba. Siku ya tatu akauliza tena, nikasema kumi na moja, akaandika, akashukuru. Tena kila jibu alitaka nimwambie nina uhakika kiasi gani kwa mia, nami kila mara nilisema themanini, kwa sababu ndizo alama nilizopata chuoni. Hayo ndiyo ninayoungama: mle ndani yamo majibu kama kumi na tano ya heshima tu.

Lakini jibu moja nililitoa kwa moyo wote. Aliponiuliza, "Na ukiwa huna uhakika unafanyaje, mama?" nilimwambia naenda shambani kuona, nikampa mfano wa jirani yangu Tabitha, mbuni wake bora kuliko yote uligeuka manjano, watu wakaumwagia kila dawa ya dukani, mimi nikaenda nikanywa chai nikatazama, nikakuta mbuzi anafungwa pale shinani na ameguguna gome mzunguko mzima. Dawa ilikuwa kuhamisha kamba. Ludovick akaandika: ikiwa hakuna uhakika, mwite Evaresta.

Sasa kompyuta imewekwa kwenye duka la pembejeo la Bwana Twahir hapa barabarani, na kumbe Ludovick aliiambia isikubali jibu lolote lenye uhakika chini ya themanini na tano, na mimi mle ndani sina hata themanini na moja. Kwa hiyo kila mkulima anaulizwa maswali ishirini, anajibu jasho likimtoka, halafu kioo kinaandika: MWITE EVARESTA, MAJI YA CHAI. Wiki hii wamekuja saba. Twahir naye akaja, wa nane.

"Mama Evaresta, mashine nimeipa nafasi ili watu wanunue dawa, inawafukuza waje kwako!"

"Kwani imekosea?"

"Haijakosea, imeniharibia biashara."

"Basi ipeleke polisi."

Profesa wake Ludovick anafika Alhamisi ya wiki ijayo kuiona mashine ikifanya kazi. Kijana anataka aufute mstari wa kuniita, ashushe kiwango kiwe sabini, na mimi nisaini karatasi kwamba ujuzi wangu wote umeshaingia kwenye mashine. Amenibembeleza mpaka machozi, anasema bila hivyo shahada hana. Nimemwambia sisaini. Sisaini! Nimeshapunguzwa kazi na serikali, sipunguzwi tena na sanduku. Lakini nikikataa anafeli mtoto wa mtu, nikisema ukweli atajua nilimdanganya, na nikisaini watu watasubiri siku kumi na moja huku ugonjwa wa chulebuni unawaozeshea kahawa mtini. Na kahawa yenyewe hali yake unaijua, bei imeanguka, Tabitha huyohuyo ameng'oa mibuni yote akapanda nyanya, nikamwambia mbele ya watu tukitoka kanisani kwamba anayeng'oa kahawa amemng'oa babu yake. Nifanyeje?

Evaresta, bibi shamba, Maji ya Chai

Bi Swabaha anajibu:

Sijui kati yetu nani amwamkie mwenzake, kwa hiyo shikamoo tuiache mlangoni, tuingie kazini.

Usisaini. Nakujibu hilo kwanza ili usomapo mengine uwe umetulia. Mimi shule niliishia darasa la saba, na kompyuta nimeiona hapa ofisini kwetu ikiwa imefunikwa kitambaa cha kufuma, lakini karatasi inayosema "ujuzi wangu wote" haihitaji shahada kuitambua. Ni barua ya kupunguzwa kazi, ila safari hii wanataka uisaini wewe.

Umeshafurahi? Sasa kaa nikuseme.

Mama mzima, fundi wa kahawa, unampa mtu siku kumi na moja kwa sababu ya uso wake! Mgeni hupewa chai, hupewa ndizi, akiondoka husindikizwa. Hapewi uongo wa mvua. Nimemuuliza mpwa wangu Najat, anayefundisha kompyuta mjini, akaniambia watafiti hurudia swali ili waone kama mtu habadiliki. Wewe ukabadilika. Mwenzio anakupima, wewe unamkirimu, mkaagana kila mmoja ameridhika. Na hizo themanini zako! Alama za chuo, za enzi zile, leo zimekaa dukani zinahukumu majani ya watu. Bahati yenu ni kwamba uongo wako wa siku umezuiwa na uongo wako wa alama. Wakishusha kiwango kiwe sabini, mlango umefunguka, na kumi na moja itatoka kwenye kioo kama amri ya serikali. Atakayepoteza zao si Profesa.

Kwa hiyo majibu ya heshima lazima yatoke. Mstari wa "mwite Evaresta" unabaki, hata Profesa aje na maprofesa wenzake sita. Nimeishi mji huu miaka thelathini, nimepanga foleni kwenye kila ofisi yenye benchi, na sijawahi kukutana na mtaalamu aliyeniambia: hapa sijui, nenda kwa fulani, anakaa mahali fulani. Wote huwa wanajua, ila faili halionekani. Mashine ya Ludovick imewapita wote, naye mwenyewe hajui kwamba hilo ndilo la kujivunia.

Fanya hivi. Jumatatu asubuhi mwite kijana, mpitie majibu yote moja baada ya jingine. La kweli, mwambie la kweli. La adabu, mwambie, "Hili nilikukirimu, futa." Palipo na inategemea, asiruke, aandike inategemea nini na nini, na akikunja uso mwache akunje, ngozi ni yake. Uhakika nao useme wa kweli: kama ni mia, mia, kama ni arobaini, arobaini. Utaona mashine inajibu mengine yenyewe na mengine inawaleta kwako, na ndivyo inavyotakiwa.

Atalia tena, kijana. Mpe chai, safari hii weka sukari, umwambie aandike kwenye kitabu chake cha shahada habari ya siku kumi na moja, jinsi mtu anavyoweza kudanganywa kwa upendo siku kumi na saba mfululizo akashukuru. Hilo Profesa hajawahi kulisoma popote. Mtoto hatafeli kwa kusema ukweli ambao wenzake hawakuujua.

Alhamisi vaa vizuri, ile fulana mwachie mjukuu, uende dukani mwenyewe. Karatasi yao irudishe, utoe ya kwako, umeshaiandika nyumbani: "Nimetoa ninayoweza kuyasema. Ninayoyaona bado ninayo. Anayeyahitaji anajua njia." Hiyo ndiyo utakayosaini. Twahir akinung'unika, mkumbushe kwamba wanaotoka kwako wakijua ugonjwa wanarudi kununua dawa kwake, na wanaotoka kwake bila kujua ugonjwa wanakwenda kununua kwingine.

Nilitaka pia umpeleke Ludovick kwa Tabitha akaone kovu la mbuzi kwenye gome kwa macho yake, lakini ushahidi huo umeshang'olewa. Nikasema basi, umpeleke shambani kwako mwenyewe, kwa mwanamke aliyesimama nje ya kanisa kuitetea kahawa. Ndipo nikaigeuza barua yako.

Umeiandika nyuma ya karatasi ya maelekezo ya mbegu za nyanya, na pembeni, kwa mwandiko uleule, umejiandikia: "Mibuni ya upande wa mto ing'olewe Jumamosi."