Anwani Nimeiweka Mwisho

Ijumaa, baada ya swala

Kwako dada yangu mpendwa, Abaayo Zeinab,

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na watoto. Hooyo, mama yetu, goti lake je? Bado hakubali kupakwa dawa mpaka alalamike kwanza? Warfa, kitinda mimba wetu, hajambo? Ng'ombe je? Yule mwekundu mwenye pembe moja bado anawatangulia wenzake majini? Mvua imewafikia hapo Kotile, au imeishia ng'ambo ya mto kama kawaida yake? Na mke wa Maalim, jirani yetu, ameshamaliza kuazima chumvi? Mimi ni mzima wa mwili, alhamdulillahi. Nimechoka tu.

Unaona nimekusalimu kwa kirefu. Leo sikati salamu, kwa maana karatasi haili dakika.

Najua pia kalamu yako nyekundu imeshanyanyuka. Mwalimu wa Kiswahili ataionaje barua isiyo na anwani juu kulia akanyamaza? Anwani ipo, Abaayo. Nimeiweka mwisho, na nakuomba usiirukie. Khadra, mama wa vitambaa aliyekuletea bahasha hii, usimwulize lolote kabla hujamaliza kusoma. Nilimwomba akukute shuleni, si nyumbani. Nimeandika kwa Kiswahili kwa sababu wewe ndiye uliyenifunza kukiandika, na kwa sababu Hooyo hawezi kukisoma. Tena ina haraka. Nataka uimalize kabla ng'ombe wa Hooyo hawajapakiwa lori kwenda soko la mifugo la Garissa Jumatano hii.

Utauliza kwa nini sikupiga simu. Simu yako, dada, si yako tena. Mkishaiweka spika na kuitia ndani ya bakuli la bati ili sauti ivume, anayesikia si wewe. Anasikia Hooyo, anasikia Warfa, wanasikia majirani, na mke wa Maalim hupungukiwa chumvi saa ile ile kila wiki. Ujumbe wa maandishi nao Warfa huufungua kabla yako na kuusoma kwa sauti, na ule asioupenda sijui huuficha wapi. Kuna maneno ambayo siwezi kuyatia katika bakuli kabla wewe hujayajua.

Miaka yangu ya Doha unaijua vipande vipande, maana niliisimulia kwa dakika. Kadi ya simu niliinunua Ijumaa, nikaikwangua Ijumaa, ikaisha Ijumaa. Kupiga kwa WhatsApp hakukushika kule; zilipita jumbe za sauti tu, na hizo nazo zilitaka waifai. Tulikuwa wanaume sita chumba kimoja tukichangia waifai moja, na asiyechanga mwezi huo alibadilishiwa neno la siri mpaka alipe. Mimi nilibadilishiwa mara nyingi kuliko nilivyokwambia. Nikayajua maduka yote ambayo waifai yao hufika hadi nje ya mlango, na walinzi wao wakanijua mimi.

Kabla ya kupiga niliandika kiganjani mambo manne ya kusema. Sikuwahi kulifikia la tatu. Hooyo aliniuliza afya, akauliza chakula, swala, tajiri, watu wa chumbani mmoja mmoja, kisha akaanza upya kwa kuwa hakusikia vizuri. Siku moja nilimwomba afupishe. Alisema salamu si kanzu ya kupunguzwa na fundi, akampa Warfa simu. Ijumaa iliyofuata hakutaka kusema nami. Mpaka leo jambo hilo linaniuma.

Ndipo wewe ukabuni ile milio. Mlio mmoja kisha unakata, maana yake tuko salama, usipoteze pesa yako. Miwili, piga ukipata nafasi. Mitatu, piga sasa hivi hata kama ni kwa kukopa. Watu wa chumbani walinicheka kwamba dada yangu ananiflashi kama mchumba. Walicheka, lakini ule mlio wako mmoja wa kila alfajiri ndio ulioninyanyua kitandani. Haukukugharimu kitu, na sikuletewa zawadi nyingine kule niliyoipenda kama huo.

Baadaye nikawaambia namba hiyo msiipigie tena kwa simu ya kawaida. Nilisema nimepata kazi mpya yenye waifai ya bure, na sasa WhatsApp inashika vizuri. Mlifurahi. Ukaanza kununua bando kwa mshahara wako wa ualimu ili Hooyo aongee na mwanawe wa Doha nusu saa kila Alhamisi. Hakuna aliyeuliza imekuwaje simu iliyogoma miaka miwili ikubali kwa siku moja. Aliyeletewa maji haulizi yametoka kisima gani.

Sasa nije kwenye ng'ombe. Wiki iliyopita Hooyo alisema wakala yule yule aliyenipeleka mimi yuko tayari kumpeleka Warfa, na kwamba atauza ng'ombe saba, abaki na wawili wa maziwa. Akaniuliza kama kazi ya huko ni nzuri. Nilisikia hata Warfa anavyopumua. Nikasema kazi ni nzuri, alhamdulillahi. Akauliza tena, nikajibu vile vile. Akauliza mara ya tatu, polepole, akiniita kwa jina langu lote na la marehemu baba yetu, Aabo, nami nikasema Hooyo, nzuri sana, mpeleke.

Mpeleke. Neno hilo nimelitoa kwa mdomo wangu. Tangu siku hiyo chakula nakila lakini hakina ladha, na kila gunia ninalobeba naona limeandikwa jina la Warfa. Nimerekodi ujumbe wa sauti wa kulitengua mara nne, nikaufuta mara nne.

Unakumbuka Ramadhani zangu za Doha? Jua la kule lilituaga mapema, na nilipowapigia nilikuwa nimeshafuturu, ninyi bado mnalikodolea lenu macho. Hooyo alikuwa akinitania kwamba Mungu ananipenda kuliko nyinyi, ananipa maji kwanza. Sasa ikumbuke Ramadhani iliyopita. Tulikuwa tunaongea, adhana ikalia kwenu, ikalia na kwangu, nikatia tende mdomoni na kusema bismillahi pamoja nanyi. Hooyo akauliza tangu lini jua la Doha limejifunza kuchelewa. Warfa alicheka sana. Mimi nikabuni upuuzi kwamba nimeamua kufuata saa za nyumbani kwa mapenzi, kana kwamba saumu hufunguliwa kwa mapenzi. Hooyo hakucheka. Alisema tu, basi kula, mwanangu, kula.

Abaayo, mimi siko Doha. Nina mwaka mmoja na miezi minne sijaiona Doha.

Kampuni ilitulipa nusu, kisha robo, kisha ikafunga geti. Vitambulisho walivichukua, na siku ya kutupandisha ndege nilikuwa na begi la mgongoni na malapa. Nilipofika uwanja wa ndege wa Nairobi simu ilinasa waifai, ukaingia ujumbe wako wa sauti. Ulisema wageni wamekuja kumpongeza Hooyo kwa ajili yangu, naye amewachinjia mbuzi. Niliusikiliza mara mbili nimesimama hapo hapo. Laini ya Doha ilikuwa imekufa, lakini namba yake ilibaki hai kwenye WhatsApp, na hilo sikulijua mpaka siku hiyo. Nikakujibu kwamba niko kazini, nitawapigia baadaye. Ndivyo ilivyoanza. Sikupanga, wallahi. Nilitaka siku moja tu bila kuaibika, na siku ile ikazaa nyingine.

Garissa singeweza kukaa. Mtu wa kwanza sokoni angekuwa binamu. Nikapanda lori la shehena hadi Mandera, mahali ambapo hakuna mtu wa Kotile mwenye shughuli. Hapa nabeba magunia ya mchele na pasta katika stoo ya tajiri mmoja, na jioni namwandikia hesabu kwa ile hati uliyonitandikia bakora. Kazi si ya haram na tajiri hana ubaya. Kile kidogo nilichokuwa nikiwatumia kwa hawala kilitoka mgongoni kwangu hapa hapa. Khadra ndiye pekee anayejua, kwa sababu siku moja alinikuta nyuma ya stoo nikimsimulia Hooyo baridi ya viyoyozi vya Doha huku jasho linanichuruzika. Hakunisema. Alingoja nimalize, akaniuliza mama yangu ana ng'ombe wangapi.

Fikiria pesa uliyoitupa kwenye bando, dada, kumpigia mtu aliyeko nchi moja nawe. Njia ya mwongo ni fupi, ulituandikia ubaoni. Yangu imekuwa ndefu, siku mbili kwa basi, vumbi tupu. Na nadhani Hooyo amejua tangu ile tende. Mtu aliyehesabu jua maisha yake yote hadanganywi kwa jua. Nadhani aliniuliza mara tatu ili kunifungulia mlango, na mara zote tatu nikaufunga mimi. Kama sivyo, basi amesadiki, na hilo ni baya zaidi, kwa sababu atamtoa Warfa na ng'ombe wa Aabo kwa neno langu.

Kwa hiyo nakuomba. Usimwambie Hooyo wewe; ubaya ni wangu, niubebe mwenyewe. Jumatatu ukishasoma, chukua simu yako ungali shuleni, piga namba niliyoiandika chini. Ni namba ya Kenya. Ukiwa na hasira na hutaki kunisikia, mlio mmoja tu, nitajua angalau barua imefika na ng'ombe utawazuia mwenyewe. Ukitaka nizungumze, milio miwili. Jioni hiyo nitapiga kwa simu ya kawaida. Itieni ndani ya bakuli kama siku zote, Warfa akae karibu, hata mke wa Maalim mwacheni aje na kikombe chake. Nitamsalimu Hooyo salamu zote, za afya na za swala na za chakula, bila kuruka moja, kisha nitasema.

Asiponijibu, usimlazimishe. Lakini usikate simu. Ni bei ya nyumbani sasa, na dakika nalipa mimi. Iache pale karibu na zizi, nisikie ng'ombe wakirudi, wote tisa.

Nisalimie shemeji, wabusu watoto, na shingo ya yule mwekundu mwenye pembe moja uikune kwa niaba yangu. Makosa ya kalamu yasahihishe. Haya mengine niachie. Mungu akuweke, Abaayo, na akuzidishie subira, maana ya mwaka huu nimekumalizia mimi.

Ni mimi mdogo wako anayekupenda,
Abdiwahid

Stoo ya magunia, nyuma ya soko,
Mandera.
(Namba iko nyuma ya karatasi hii. Nitaiweka simu mfukoni mwa shati, siyo begini, nisije nikaukosa mlio.)